Kasoro ya Kiwandani na Uharibifu wa Baadaye: Istilahi za Kuchunguzia Sarafu

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mezani petu ili yakaguliwe istilahi, yapo yale ambayo mtu hayatazamii kuzua mjadala. Mwongozo mmoja wa makarani wa fedha, uliofasiriwa kwa ajili ya wale wanaopokea sarafu kutoka kwa wananchi, ulikuwa wa namna hiyo. Kurasa zake zilikuwa chache, lugha yake nyepesi, na mfasiri wake mtu mzoefu. Hata hivyo, tulipousoma tuliona kwamba neno moja lilikuwa limetwishwa mzigo wa maneno mawili. Kila sarafu isiyo ya kawaida, ama iwe ilitoka kiwandani ikiwa hivyo, ama iwe ilipondwa kwa nyundo mtaani, iliitwa "sarafu iliyoharibiwa". Tena karani alielekezwa amtake kila aletaye sarafu ya namna hiyo aeleze ni kwa nini ameiharibu.

Tumfikirie mzee auzaye karanga ambaye amelipwa sarafu iliyokosa herufi mbili tangu siku ilipopigwa. Ataulizwa swali lisilo na jibu, kwa kuwa hakufanya lolote. Kosa la mashine limegeuka kuwa tuhuma juu ya mtu, na lililoligeuza ni neno. Kinyume chake pia hutokea: mjanja huikwangua sarafu kwa tupa, kisha akaiuza kwa bei kubwa akidai kuwa ni adimu, imetoka kiwandani ikiwa hivyo. Mnunuzi asiye na maneno ya kutenganisha mambo haya mawili hana hata namna ya kuuliza swali litakalomwokoa.

Nia ya makala haya ni kueleza tofauti iliyopo baina ya kasoro ya kiwandani na uharibifu wa baadaye, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

1. Kuharibu, kuharibika, kuharibiwa

Kiswahili kina utajiri mkubwa katika minyambuliko ya vitenzi, na utajiri huo unaweza kutusaidia au kutuponza. Tukisema sarafu "imeharibika", tunaeleza hali yake bila kumtafuta mtenda. Tukisema "imeharibiwa", tunadai kwamba mtenda yupo, ingawa hatumtaji. Mfasiri anayechagua kati ya maumbo haya mawili anatoa hukumu, ajue asijue.

Lakini hata "imeharibika" haitoshi. Kitu hakiharibiki mpaka kwanza kiwe kizima. Sarafu iliyotoka kwenye mashine ikiwa na upungufu haikupata kuwa nzima hata siku moja, kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa imeharibika. Tofauti yake na sarafu iliyoumizwa ni kama tofauti ya alama aliyozaliwa nayo mtu na kovu alilolipata ukubwani. Zote mbili huonekana kwenye ngozi, lakini hazina historia moja.

Tuliyapima maneno kadhaa ili kuitaja hiyo "alama ya kuzaliwa". Neno "kosa" tuliliacha kwa sababu katika lugha ya sheria lina maana ya jinai, na tungejirudisha kule kule tulikotaka kutoka. "Kilema" tulilikataa kwa heshima ya binadamu. "Dosari" ni neno zuri, ila hutumika kwa upungufu wa kila namna, hata wa tabia, na halina mipaka. "Hitilafu" tumeona libaki na kazi yake iliyokwisha kuzoeleka, yaani tukio ndani ya mtambo: umeme ukikatika, twasema pametokea hitilafu. Likabaki neno "kasoro", ambalo kila Mswahili hulitumia anaposoma saa: saa mbili kasoro robo. Ndani yake mna wazo la kupungua kutoka katika kiwango kinachojulikana, na hiyo ndiyo dhana tunayoitafuta. Basi tunasema hivi: hitilafu hutokea mashineni, na kasoro hubaki kwenye sarafu.

2. Jinsi sarafu inavyozaliwa

Haiwezekani kuzitaja kasoro bila kuijua kazi yenyewe. Bamba la metali hupitishwa katika magurudumu mazito mpaka lifikie unene unaotakiwa. Kisha mashine hulitoboa na kutoa vipande vya mviringo, ambavyo tunapendekeza viitwe visahani. Visahani hupashwa moto ili vilainike, husafishwa, halafu huviringishwa kwa kubanwa pembeni ili kingo zao ziinuke. Mwisho, kila kisahani huwekwa kati ya vyuma viwili vigumu vilivyochongwa picha na maandishi kinyumenyume, huku kikizungukwa na pete ya chuma inayozuia metali isitambae nje. Pigo moja la nguvu, na sarafu imezaliwa.

Vile vyuma viwili vinahitaji jina. Baadhi ya wafasiri huviita "chapa", lakini chapa ni pia ile picha inayobaki juu ya kitu, kama alama ya moto juu ya ng'ombe. Tukiacha jina moja litaje chombo na alama, hatutaweza kusema sentensi rahisi kama hii: muhuri ulipasuka, na ufa wake ukaonekana katika chapa. Kwa hiyo tunapendekeza chombo kiitwe muhuri, na alama iachiwe chombo iitwe chapa.

Kutokana na hatua hizo, kasoro zote za kiwandani hugawanyika katika mafungu matatu: kasoro ya kisahani, kasoro ya muhuri, na kasoro ya pigo. Jambo lolote lililoipata sarafu baada ya kuachana na mihuri si kasoro ya kiwandani. Ni uharibifu wa baadaye, hata kama lilitokea ndani ya jengo lile lile, mathalani sarafu zilipogongana zikimwagwa katika magunia.

3. Kasoro na mfano wake wa uongo

Kila kasoro ya kweli ina ndugu yake wa uongo. Anayechunguza sarafu hana budi kuwajua wote wawili, wala hatafika mbali kwa kuangalia sura tu. Anapaswa kujiuliza: metali iliyokuwa hapa imekwenda wapi?

Tuanze na kisahani kilichomegeka. Ikiwa bamba halikusogea vya kutosha, mashine ya kutoboa hukata mahali palipokwisha kukatwa, na kisahani hutoka na pengo lenye umbo la mwezi mchanga. Mtu mwenye tupa naye aweza kulitengeneza pengo kama hilo. Tofauti iko upande wa pili. Kisahani kinapoviringishwa ili ukingo uinuke, hubanwa pande mbili zinazokabiliana. Penye pengo hakuna cha kubanwa, basi upande unaolikabili nao hukosa msukumo, na ukingo wake hutoka dhaifu au hautoki kabisa. Mwenye tupa hukata upande mmoja tu, na ukingo wa upande wa pili hubaki imara. Zaidi ya hayo, maandishi yaliyo karibu na pengo la kweli huonekana kama yamevutwa kidogo kulielekea, kwa sababu metali ilikimbilia penye nafasi. Penye tupa herufi hukatwa ghafla, kama mkate kwa kisu.

La pili ni ufa wa muhuri. Muhuri hupiga sarafu nyingi mno, na chuma nacho huchoka. Ukipasuka, metali ya kisahani huingia katika ufa ule, na juu ya sarafu hutokea mstari uliosimama. Mkwaruzo wa mtaani ni kinyume chake: ni mstari uliozama, aghalabu wenye vijitaka vya metali vilivyosukumwa kandokando. Kwa hiyo ncha ya kidole au kioo cha kukuzia hutoa jibu: kilichoinuka kina asili ya muhuri, kilichozama kina asili ya maisha. Kanuni hii ina mipaka, kwa maana kisahani kilichokwaruzwa kabla ya pigo chaweza kubakiwa na mkwaruzo. Lakini katika hali hiyo picha na herufi hupita juu yake, wala mkwaruzo haupiti juu ya herufi.

La tatu ni herufi zilizokosekana. Grisi na vumbi vikijaza shimo la herufi katika muhuri, metali haina pa kuingia, na herufi haitokei. Tunapendekeza hali hii iitwe muhuri ulioziba. Ndugu yake wa uongo ni uchakavu. Uchakavu huanza mahali palipoinuka zaidi na kuenea polepole, hivyo haumezi herufi moja na kuiacha jirani yake ikiwa kali kama jana. Naye aliyeikwangua herufi kwa makusudi huacha nyuma yake uwanja ulioparuzwa, wenye mng'ao usiofanana na sehemu nyingine.

La nne ni picha iliyozama na kugeuka, kama inavyoonekana katika kioo. Hutokea sarafu iliyokwisha kupigwa inapong'ang'ania kwenye muhuri. Kisahani kinachofuata hupigwa na ile sarafu badala ya muhuri. Mafundi wa mitaani huiga kwa kuzibana sarafu mbili katika jiliwa. Lakini jiliwa haliwezi kuikandamiza sarafu iliyo tayari bila kuipondaponda picha yake ya awali, na huko ndiko ushahidi uliko.

La tano ni tundu. Hapa mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake mfano mzuri sana. Senti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, zilikuwamo zilizotengenezwa na tundu katikati. Tundu katika senti kumi ya bodi hiyo ni sehemu ya sarafu, na senti kumi ambayo ingetoka bila tundu ndiyo ingekuwa na kasoro. Lakini shilingi ya Tanzania yenye tundu ilitobolewa na mtu, pengine ili mtoto aivae shingoni. Alama ni ile ile, hukumu ni mbili. Ndiyo maana hatuwezi kutoa jina kwa kuangalia alama peke yake. Ni lazima kwanza tujue kiwango ambacho sarafu ilikusudiwa kukifikia.

4. Sarafu za Tabora

Wasomaji wetu watapenda kujua kuwa mifano iliyo bora kabisa ya somo hili ilitengenezwa hapa hapa nchini. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iligawa rupia yake katika heller mia moja, na kutoka jina hilo tumepata neno letu "hela", ambalo limeishi kuliko sarafu yenyewe na kuliko serikali iliyoileta. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia za bahari, koloni lilikatikiwa na sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zilipigwa sarafu za dharura: heller tano, heller ishirini, na ile rupia kumi na tano ya dhahabu yenye picha ya tembo. Zote zilitiwa herufi T, alama ya mji. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Karakana ya reli si kiwanda cha sarafu. Heller ishirini za Tabora zinaonyesha mihuri zaidi ya mmoja: ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na hata herufi L za neno "Heller" hazifanani. Nyufa za mihuri huonekana kama mishipa iliyoinuka, na mapigo mengi hayakukaa sawasawa. Mtu asiyejua akiiona sarafu ya namna hii atasema imechezewa. Kumbe ndivyo ilivyozaliwa, katika haraka ya vita, kwa zana za kutengenezea mabehewa.

Lakini hapa pana jambo la kuangalia. Taji kubwa na taji dogo si kasoro. Ni tofauti za mihuri miwili, kila mmoja ukiwa umefanya kazi yake kama ulivyochongwa. Tunapendekeza tofauti kama hiyo iitwe aina ya muhuri. Kasoro ni ufa ulioupata muhuri. Na mkwaruzo ambao sarafu hiyo imeupata ikiwa mfukoni kwa miaka zaidi ya mia moja ni uharibifu wa baadaye. Sarafu moja ya Tabora inaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja, na karani anayeandika daftari la makumbusho anahitaji maneno matatu ili asichanganye habari zake.

5. Nyumbu, chotara au mseto?

Mwaka 2008 kiwanda cha fedha cha Uingereza kilibadili picha za sarafu zake. Katika peni ishirini, mwaka uliokuwa ukiandikwa upande mmoja ulihamishiwa upande wa pili. Zikatokea sarafu zilizopigwa kwa muhuri wa zamani upande mmoja na muhuri mpya upande mwingine, nazo zikatoka hazina mwaka popote. Kiwanda chenyewe kilikadiria kuwa idadi yake ni kati ya 50,000 na 200,000. Watu walizipata katika chenji za dukani.

Waingereza huita sarafu ya jinsi hii kwa jina la mnyama aliyezaliwa na punda na farasi. Mfasiri mwenye haraka ataandika "nyumbu", na msomaji wa Arusha au Mara ataona mbele yake kundi la wanyama wa Serengeti likivuka mto. "Baghala" ni sahihi zaidi, lakini wengi hawalijui. "Chotara" laeleweka, ila hutumika kwa watu, na si kila mtu hulipokea kwa furaha. Tumechagua kuacha mfano wa mnyama na kutaja jambo lenyewe: sarafu ya mihuri mseto. Istilahi si lazima ibebe utani wa lugha ilikotoka. Yatosha ibebe maana.

6. Ughushi

Uharibifu wa baadaye nao si wa namna moja. Upo uchakavu, ambao ni kazi ya mikono na miaka na hauna wa kulaumiwa. Lipo jeraha, ambalo ni pigo, moto, kutu au tundu, ama kwa bahati mbaya ama kwa matumizi mengine. Na upo ughushi, ambao ni mabadiliko yaliyofanywa kwa nia ya kudanganya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina sehemu inayohusu makosa ya sarafu, likiwamo kosa la kuipunguza sarafu uzito ili ipite kama sarafu halali. Katika sheria, basi, nia ndiyo mpaka, na mfasiri wa sheria asiutie ukungu mpaka huo.

Mfano ujulikanao sana ni senti ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka ule shaba ilihitajika vitani, na senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyosalia vikapigwa kwa mihuri ya mwaka huo. Hiyo ni kasoro ya kisahani ya kweli, na thamani yake ni kubwa mno. Waghushi hawakuchelewa: wengine walizipaka shaba zile senti za chuma, wengine wakaikwangua tarakimu 8 katika senti ya mwaka 1948 ili isomeke 3. Sumaku huwaumbua wa kwanza, kwa kuwa hunasa chuma hata kikivikwa shaba. Mizani nayo husaidia, maana senti ya shaba ina uzito wa gramu 3.11, na ya chuma ni takriban gramu 2.7. Wa pili huumbuliwa na kioo cha kukuzia.

Vivyo hivyo sarafu yenye vichwa pande zote mbili. Mara nyingi mno ni kazi ya fundi aliyezichimba sarafu mbili na kuzipachika pamoja. Kiungo huonekana ndani ya ukingo, na ikidondoshwa mezani haitoi mlio wa sarafu nzima.

7. Maswali manne

Kwa karani, tunapendekeza mwongozo uandike maswali badala ya tuhuma. Kwanza, sarafu ya aina hii hukusudiwa iweje? Pili, alama hii imeinuka au imezama? Tatu, metali iliyosogea imekwenda wapi? Nne, je, ipo hatua yoyote ya kiwandani inayoweza kufanya jambo hili? Ikiwa jibu la swali la nne ni hapana, hiyo si kasoro ya kiwandani, hata ikiwa ya ajabu namna gani. Na maadamu maswali yote manne huulizwa sarafu, hapana sababu ya kuanza kwa kumhoji aliyeileta.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Kisahani: kipande cha metali cha mviringo kabla hakijapigwa.
Muhuri: chombo kigumu kilichochongwa, cha kupigia sarafu.
Chapa: picha na maandishi yanayobaki juu ya sarafu.
Pete: chuma kinachozunguka kisahani wakati wa pigo.
Ukingo: sehemu iliyoinuka kuzunguka uso wa sarafu.
Uwanja: sehemu tambarare ya uso, isiyo na picha wala maandishi.
Aina ya muhuri: tofauti itokanayo na uchongaji wa mihuri mbalimbali ya sarafu ile ile.
Hitilafu: tukio lisilo la kawaida katika mtambo.
Kasoro ya kiwandani: upungufu ambao sarafu imezaliwa nao; hugawanyika katika kasoro ya kisahani, ya muhuri, na ya pigo.
Muhuri ulioziba: muhuri ambao mashimo yake yamejaa uchafu.
Sarafu ya mihuri mseto: sarafu iliyopigwa kwa mihuri miwili isiyokusudiwa kwenda pamoja.
Uharibifu wa baadaye: badiliko lolote lililoipata sarafu baada ya pigo, hugawanyika katika uchakavu, jeraha na ughushi.

Ule mwongozo tulioutaja mwanzoni tuliurudisha kwa mfasiri wake pamoja na maelezo haya. Alikuwa ameandika "sarafu iliyoharibiwa" mahali kumi na moja. Baada ya kupima sentensi moja moja, tulikubaliana naye kwamba mahali pawili tu ndipo neno hilo lilipostahili kubaki. Tunawaomba wasomaji, hasa wale ambao kazi yao ni kupokea na kuhesabu sarafu kila siku, watuletee maneno wanayoyatumia wenyewe kwa mambo haya. Istilahi iliyotoka kaunta ya karani aghalabu huwa imara kuliko ile iliyotungwa ofisini.